Kushoto Hapana

Hii imenifikia kutoka Makambako, kule ambako upepo humvua mtu kofia bila hata kumsalimia. Aliyenitumia aliniomba niisome nikiwa nimetulia. Mimi nikaisoma nimesimama kwenye foleni ya benki. Nilianza kucheka peke yangu, kisha nikajikuta nafuta macho, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimeibiwa. Nakupa na wewe. Ukimaliza, mpe mwingine.

Siku ya kwanza Gaitani Mligo kukanyaga uwanja wa mpira wa pete, alijiaibisha mbele ya kina mama wa timu nzima, wachoma mahindi na mbuzi waliokuwa wakila majani pembeni.

Hakwenda pale kucheza. Alikwenda kurudisha vitu. Mkononi alikuwa na begi la fulana zenye herufi, zile ambazo kila mchezaji huvaa ili ajulikane nafasi yake, na kwapani alikuwa na mpira. Vitu hivyo vilikuwa vya mkewe, Skolastika, aliyekuwa kocha wa timu ya Upepo. Walimzika mahindi yakiwa yanachipua. Sasa mahindi yalikuwa yanachomwa.

Gaitani alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Lusaka aliijua kama mfuko wa shati lake. Lubumbashi alikuwa na kinyozi wake. Kigali kulikuwa na mama lishe aliyejua kwamba Mtanzania huyu hali vitunguu, akimwona tu anamwekea sufuria pembeni. Kila mji alikuwa na mwenyeji. Mahali pekee alipokuwa mgeni ni nyumbani kwake. Aliacha kazi mwaka huu ili akae na mkewe, wazeeke pamoja wakigombana kuhusu chumvi. Akafika, wakagombana kuhusu chumvi kwa muda mfupi sana, kisha mke akaugua na kwenda zake.

Basi akaweka begi chini, na mmoja wa wale kina mama akamwambia kwa utani, "Baba, usiupakate huo mpira kama kuku wa mahari! Ingia nao basi!"

Gaitani akaingia nao. Alikuwa mtu wa mizaha tangu zamani, na siku ile alikuwa na hamu ya kuonekana mzima. Akaubana mpira kwapani, akatimua mbio. Alikimbia kama mtu aliyeona lori lake linaondoka bila dereva. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akampita na yule mrefu wa kufunga, tumbo linatangulia, viatu vya ngozi vinapiga kelele. Moyoni akajisemea, kumbe bado nimo. Hakuna aliyeweza kumgusa.

Hakuna aliyejaribu.

Akafika chini ya pete, akarusha, na kwa rehema za Mungu mpira ukaingia. Gaitani akainua mikono yote miwili, akakimbilia kwenye kona kuwapungia mashabiki. Mashabiki walikuwa wale mbuzi. Mmoja alinyanyua kichwa, akamtazama, akaendelea kula.

Nahodha wa timu, Edina Chaula, mwanamke anayeuza viazi vya jumla sokoni na asiyejua kuongea kwa kuzunguka, alikuwa amesimama katikati na mikono kiunoni.

"Umemaliza, baba?"

"Nimemaliza."

"Haya, rudisha mpira. Kwenye mchezo huu mwenye mpira hakimbii."

"Hakimbii kabisa?"

"Hata hatembei."

"Sasa anafikaje kwenye pete?"

"Hafiki. Anampa mwenzake."

Kina mama wakashindwa kuvumilia, wakaangua kicheko. Yusta, yule mrefu wa kufunga, ambaye siku nyingine zote ni msusi, akalala chini kabisa akishika mbavu. Gaitani naye akacheka, maana mtu akishachekwa na watu wengi namna ile, kilichobaki ni kujiunga nao.

Alipanga kukabidhi begi na kuondoka. Lakini mazoezi yakaanza, na Yusta akampigia kelele mwenzake aliyekuwa ameukumbatia mpira: "Achia! Unasubiri upoe?"

Gaitani akasimama palepale.

Maneno yale aliyajua. Aliyasikia mezani kwake kila aliporudi safari na kuanza kuchezea simu badala ya kula: "Achia hiyo simu, unasubiri ipoe?" Lilikuwa neno la Skola, na hata sauti ya Yusta ilipanda mwishoni kama ya Skola. Muda si mrefu mwingine akapaza, "Miguu! Miguu yako inasema uongo!" Na hilo nalo lilikuwa la Skola. Wale kina mama walikuwa wanapigiana kelele kwa mdomo wa mkewe, wala hawakujua.

Pembeni mwa uwanja palikuwa na bomba la maji lililofungwafungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Gaitani akageuza kreti la soda, akakaa karibu na lile bomba, akasikiliza mpaka mazoezi yakaisha. Kesho yake akarudi kwenye kreti lake. Na kesho kutwa.

"Mzee huyu anatafuta mke," Yusta akanong'ona.

"Anaye," Edina akajibu. "Cheza."

Ukafika wakati wa kuandikisha timu kwa ajili ya mashindano ya mkoa. Timu isiyo na kocha haiandikishwi. Edina akamfuata Gaitani kwenye kreti, akamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu."

"Tunahitaji jina la kocha. Jina tu. Wewe kaa hapohapo ulipokaa."

Sasa Gaitani si mtu wa kupewa jina tu. Ukimpa usukani ulioegeshwa, atatafuta ufunguo. Akasema, "Kama ni kocha, nifundisheni mchezo."

Wakamfundisha. Edina akamsimamisha mstarini mbele ya wote.

"Nakurushia mpira. Ukidaka ukiwa hewani, mguu utakaotangulia kutua huo umepigwa msumari. Ule mwingine uzungushe utakavyo, lakini huu ukishaunyanyua, usiurudishe chini kabla mpira haujakutoka mkononi."

"Na nikiurudisha?"

"Mwamuzi anapuliza. Umefanya kosa la miguu."

Gaitani akabaki na mpira mkononi, macho yameganda.

"Nini tena, baba?"

"Skola alikuwa ananipigia simu. Nipo kwenye foleni ya mizani, nasikia nusu nusu. Ananiambia, 'Leo miguu imetumaliza, miguu imetuua kabisa.' Nikadhani anaumwa magoti. Nikamnunulia dawa ya kuchua nilipofika Ndola."

"Ile dawa ya kopo la kijani?"

"Hiyohiyo."

"Alitugawia sote," Edina akasema. "Alisema, 'Mume wangu amenunua, lazima itumike.' Tulinuka mwezi mzima."

Kidogo kidogo mchezo ukamwingia. Alijifunza kwamba mpira haukai mkononi zaidi ya sekunde tatu. Alijifunza kwamba anayekimbia ni yule asiye na mpira, ambaye kazi yake ni kutafuta nafasi ili mwenzake awe na pa kuutupia. Hilo lilimkalia rohoni. Njiani alizoea kufikiri kwamba anayetembea ndiye mwenye mzigo. Alijifunza kwamba mlinzi husimama umbali wa hatua moja ndefu kutoka kwa mwenye mpira, anyooshe mikono atakavyo lakini asimsogelee. Alipojaribu yeye kulinda, alinyoosha mikono akaanguka kifudifudi, akapewa sifa ya kuwa mlinzi wa kwanza kumkaba mtu kwa kumwangukia miguuni.

Mazoezi aliyapenda. Alifika mapema kuliko wote, akafagia mistari, akapaka chokaa. Aliwatengenezea mchezo wa kupasiana kwa mduara huku anayekosea anaimba. Kina mama wakampenda. Mpaka hapo hapakuwa na tatizo.

Tatizo lilikuwa ndani ya simu yake.

Gaitani alikuwa na ujumbe mmoja wa sauti wa Skolastika. Mmoja tu, kwa sababu mama yule hakupenda kuongea na kitu kisichojibu. Aliurekodi akiwa uwanjani, mume akiwa Tunduma anasubiri kuvuka mpaka. Gaitani alikuwa akiusikiliza kila asubuhi kabla hajanawa uso, na hakuwahi kumsikilizisha mtu. Ulikuwa unasema hivi:

"Gaitani, umeshavuka? Usilale na njaa kwa kungoja karatasi zao. Huku upepo leo ni... ngoja kidogo. Nyie! Kushoto hapana! Pitisheni kulia! Kushoto hapana nimesema, mpaka mimi niwaambie! Haya, baba. Nitakupigia. Hawa watanizeesha."

Basi. Hapo unakatika, na upepo unasikika kidogo baada ya sauti yake.

Alipokabidhiwa timu, Gaitani aliona kwamba ameachiwa amri. Skola alisema kushoto hapana mpaka yeye aseme. Akafa. Hakusema. Kwa hiyo kushoto ilikuwa bado hapana. Mtu mwingine angeona ni maneno ya siku moja, lakini mtu mwingine hakuwa na ujumbe mmoja tu wa kumtosha maisha yake yaliyobaki.

Akawakusanya kina mama, akawaambia, "Kuanzia leo mpira unapita kulia. Kushoto hapana. Ndivyo Mama alivyotaka."

Kina mama wakatazamana. Nani angebishana na mume kuhusu maneno aliyoambiwa na mkewe? Huenda walipanga nyumbani. Huenda ni siri aliyomwachia mwishoni kabisa. Wakainamisha vichwa, wakapitisha kulia.

Aliyeumia zaidi ni Fides, winga aliyezoea kukatia kushoto. Akawa anakimbia, anajitenga, anainua mkono, na mpira hauji. Mechi ya pili ya kujipima nguvu akaacha kuinua mkono. Mechi ya tatu akaja na sweta.

"Sweta la nini uwanjani?" Gaitani akamuuliza.

"Kushoto kuna baridi, baba. Hakuna kinachopita huko isipokuwa upepo."

Mashindano yakaanza. Mechi za mwanzo wakaponea chupuchupu, kwa sababu Yusta alikuwa mrefu na timu walizokutana nazo zilikuwa zinajifunza. Lakini jinsi walivyopanda ndivyo wapinzani walivyozidi kuwa na macho. Nusu fainali walivuka kwa tundu la sindano. Baada ya mechi ile Edina akamfuata Gaitani, jasho linamtiririka.

"Baba, nitakwambia kitu, usikasirike. Tunacheza kama watu waliofungwa jicho moja. Wenzangu wamechoka. Wameacha meza zao sokoni, wameacha watoto kwa majirani, wanakuja hapa kuganda kulia kama nzi kwenye kidonda. Jumamosi ni fainali. Tukifungwa, tumekubaliana, timu tunaivunja. Kila mtu akachambue viazi vyake."

Gaitani alirudi nyumbani, akakaa kitandani upande wake, ule mwingine akiwa ameuachia nafasi kama kawaida. Kuhusu kombe hakufikiri hata kidogo. Alifikiri kuhusu "Achia, unasubiri upoe?" Alifikiri kuhusu "Miguu yako inasema uongo." Timu ikivunjika, wale kina mama wangetawanyika sokoni na saluni, kila mmoja na kipande chake cha Skola mdomoni, na yeye angebaki na simu. Simu husema jambo lilelile kila siku. Haimwiti mtu mwingine. Haina jipya.

Akaamua kwamba Jumamosi watashinda, na watashinda kwa kulia, kama Mama alivyotaka.

Fainali ilichezwa mjini Njombe, kwenye uwanja wa saruji uliopakwa rangi, laini kama sahani. Wapinzani walikuwa na sare mpya na kocha aliyevaa miwani ya jua siku ya mawingu. Robo ya kwanza ikaenda sawa kwa sawa. Robo ya pili yule wa miwani akasimama, akawanyooshea walinzi wake kidole kimoja tu: kule. Wote wakahamia kulia. Ikawa kila mpira wa Upepo unaingia kwenye msitu wa mikono. Edina anapasia ukutani. Yusta anaruka peke yake chini ya pete kama anayeangua maembe mti usio na maembe. Na kule kushoto Fides amesimama, mikono ndani ya mikono ya sweta, hana mlinzi, hana mpira, hana kazi.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Walikuwa nyuma kwa mabao mengi, yasiyopendeza kuyataja.

Wakakaa chini wamezunguka ndoo ya maji. Edina akatema maji pembeni.

"Baba. Kushoto kuko wazi kama kanisa siku ya Jumatatu. Niambie sababu moja tu ya kutopita huko. Sababu moja, nitanyamaza mpaka nizikwe."

"Mama alisema."

"Alisema lini?"

Gaitani akatoa simu. Alibonyeza pasipopaswa mara kadhaa. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiweka simu juu ya begi, katikati ya kina mama.

"Gaitani, umeshavuka?" Skolastika akauliza.

Hakuna aliyejongea. Yusta akaziba mdomo kwa kiganja. Mama yule akaendelea, njaa, karatasi, upepo, kisha ikaja ile sauti iliyowafanya wote wakae wima bila kujijua, kama wamekamatwa wamelala: "Nyie! Kushoto hapana! Pitisheni kulia! Kushoto hapana nimesema, mpaka mimi niwaambie!"

Upepo ukasikika kidogo. Ujumbe ukakatika.

Walikuwa wanalia, wote, bila sauti. Halafu Fides, mwenye sweta, akatoa mlio wa ajabu puani. Gaitani akadhani amezidiwa na kilio. Kumbe anacheka. Yusta akamtazama, naye akaanza. Mara kundi zima linacheka na kulia kwa pamoja, wanapigana mabega, machozi yanaingia midomoni, na watu wa jukwaani wanashangaa timu iliyofungwa namna ile inafurahia nini.

"Jamani," Gaitani akasema. "Mnachekea nini? Jamani, huyo ni mke wangu."

Edina akajifuta uso kwa fulana.

"Baba, siku hiyo bomba lilipasuka."

"Bomba gani?"

"Lile la pembeni. Unakaa karibu nalo kila siku. Lilipasuka, maji yakajaa upande ule, ikawa tope mpaka kwenye vifundo. Fides aliteleza akavunja jino. Ndiyo maana Mama akapiga kelele kushoto hapana. Na hapo tulikuwa tunaelekea pete ya upande wa barabara. Tukigeukia pete nyingine, tope linakuwa kulia."

Fides akafungua mdomo kuonyesha pengo, kwa heshima, kama anayetoa ushahidi.

Gaitani akatazama simu yake. Mabega yake yakashuka. Alikuwa amejenga kanisa zima juu ya dimbwi.

"Lakini alisema mpaka yeye awaambie," akasema taratibu. "Akafa hajawaambia."

"Alituambia, baba. Kesho yake tope lilipokauka. Alisema, haya, chezeni kote, Mungu hakuumba uwanja nusu." Edina akapunguza sauti. "Wewe ulikuwa bado Tunduma."

Gaitani aliziwaza zile "kesho yake" zote alizozikosa. Alikuwa na siku moja ya Skola ndani ya simu, ameilinda kama yai, na hawa kina mama walikuwa na siku zote zilizofuata. Yeye alikuwa njiani, amebeba vigae vya watu wengine, anavipeleka nyumbani kwa watu wengine.

Kocha wa miwani alikuwa anaingia uwanjani. Mwamuzi akatazama saa yake.

"Sasa niwaambie nini?" Gaitani akauliza, na hakuwa anafanya mzaha. "Mimi sikuwepo. Sijui alichowafundisha."

"Tuambie unachokiona," Edina akasema. "Hicho ndicho alichotufundisha."

Gaitani akageuka kutazama uwanja. Alikuwa ameutazama mara nyingi, lakini siku zote alikuwa anamtafuta mtu ndani yake. Sasa akautazama kama anavyotazama barabara: wapi pameziba, wapi panapitika, nani anasinzia. Akaona mlinzi wa wapinzani aliyepaswa kulinda kushoto amejishika kiuno na anapiga soga na mchukua mipira.

"Fides," akasema.

"Naam, baba."

"Vua sweta."

Robo ya tatu, nakwambia, hata wauza karanga waliacha kuuza. Edina anadaka, mguu umepigwa msumari, anazunguka, anaona. Fides yuko peke yake kushoto, mkono juu, tabasamu lenye pengo. Mpira ukaenda. Watu wa Upepo wakapiga kelele kabla haujafika. Fides kwa Yusta, Yusta juu, ndani. Wapinzani wakahamia kushoto, Edina akapita kulia. Wakagawanyika, akapita katikati. Na pembeni Gaitani, tai aliyoivaa kwa ajili ya fainali imegeukia mgongoni, anapaza sauti, na maneno yakamtoka bila kuyachagua: "Achia! Unasubiri upoe?" Akajisikia mwenyewe akiyasema. Sauti yake ilipanda mwishoni.

Wakafukuzia pengo mpaka likabaki bao moja. Mpira wa mwisho ulikuwa mikononi mwa Yusta. Akarusha vizuri. Ukazunguka mdomo wa pete, ukazunguka tena kama mtu anayetafuta mlango, ukadondokea nje. Filimbi.

Wakafungwa.

Kina mama wakakaa chini ya ile pete, vifua vinapanda na kushuka. Gaitani akakumbuka makubaliano yao ya kuvunja timu. Akapita kwa kila mmoja, akiokota fulana zenye herufi zilizotupwa sakafuni, akizikunja polepole kuliko inavyohitajika, akiziweka ndani ya begi la Skola. Alipomaliza akafunga zipu. Akasimama mbele ya nahodha kama alivyosimama siku ile ya kwanza, begi mkononi, mpira kwapani.

"Mwanangu, basi. Mmecheza. Nimemwona Skola leo, nimeridhika." Akainua begi. "Hizi fulana nimpelekee nani?"

Edina akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua hutokea upande gani.

"Zifue," akasema. "Jumatatu saa kumi mazoezi. Na uje na jembe, bomba limepasuka tena."

Funzo: Neno moja la mpendwa wako ukiligeuza sheria ya milele, huenda unalinda tope lililokwisha kukauka. Mkumbuke kwa kutazama kama alivyotazama, na alichokupa wewe mpe mwenzako kabla hakijapoa mkononi.